Bahasha ya Mzee Ott

Baptist Ott, mkulima wa St. Lucas katika jimbo la Iowa, Marekani, alimgawia mjukuu wake Diane mbegu za aina mbili: nyanya kubwa ya rangi ya waridi, na ua la kutambaa la zambarau. Familia yake ilikuwa imezileta kutoka Bavaria, Ujerumani, katika karne ya 19. Muda si mrefu baadaye mzee akafariki. Diane na mumewe, Kent Whealy, wakajiuliza ni wazee wangapi wengine wanaondoka na mbegu ambazo hakuna duka linaloziuza. Mwaka 1975 wakaanzisha mtandao wa wakulima wa bustani za nyumbani wa kutumiana mbegu kwa posta. Leo unaitwa Seed Savers Exchange, na makao yake yako Decorah, Iowa.

Kisa hiki husimuliwa kama hadithi ya upendo wa babu kwa mjukuu. Ni kitamu, ila hakielezi kwa nini mpango wenyewe ulifanikiwa. Watu wamegawana mbegu tangu jembe lilipoanza kuigusa ardhi, na mbegu nyingi zimepotea, zimechanganyika au zimebunguliwa kabla ya kufika mkono wa tatu. Mtandao ule ulidumu kwa sababu mbili ambazo upendo hauzigusi: maumbile ya ua, na nidhamu ya karatasi.

Tuanze na ua. Ua la nyanya lina sehemu ya kiume na ya kike pamoja, na ile ya kike kwa kawaida imefunikwa na ya kiume kama kofia. Upepo ukilitikisa, chavua humwagika papo hapo. Maharage ya kawaida hujichavusha hata kabla ua halijafunguka sawasawa, na kunde nazo kwa kiasi kikubwa hufanya hivyo. Matokeo yake ni makubwa kuliko yanavyosikika: mtu mwenye kibustani cha hatua ishirini, anayepakana na jirani mwenye nyanya za aina tano, anaweza kumtumia mgeni mbegu na kumhakikishia kwamba atavuna karibu kile kile. Hatari haiishi kabisa. Baadhi ya nyanya za zamani, hasa zile zenye majani yanayofanana na ya kiazi, huchomoza sehemu ya kike nje ya ile kofia, na nyuki akipita huleta ya kwake. Watunzaji makini huyavisha maua machache kifuko cha kitambaa chepesi, kisha huweka alama kwenye matunda yake.

Boga ni mtihani mwingine. Ua la kiume liko peke yake, la kike peke yake, na nyuki ndiye mshenga. Ukipanda aina mbili za jamii moja karibu karibu, zitachanganyika, na boga utakalovuna halitakuambia kitu, kwa kuwa ganda na nyama vyote ni vya mama. Mchanganyiko umejificha ndani ya mbegu. Atakayeuona ni yule uliyemtumia, msimu unaofuata, akishangaa ni kitu gani hiki kimemea. Ndiyo maana mtunzaji wa maboga huenda shambani jioni, akayafunga kwa utepe maua ya kiume na ya kike yanayokaribia kufunguka. Asubuhi huyafungua, hupaka chavua kwa mkono, hulifunga tena la kike na kulitia alama. Mahindi yana ugumu wake: chavua yake husafiri na upepo, na ukichukua mbegu kutoka mashina machache, kizazi baada ya kizazi mmea hudhoofika. Ushauri wa kawaida ni kuvuna mbegu kutoka mashina 100 hadi 200. Nani ana bustani ya nyumbani ya ukubwa huo?

Hapo ndipo inapoeleweka kwa nini nyanya na maharage vilitawala katika mtandao ule. John Withee wa Massachusetts alikusanya maharage ya aina 1,186, kisha mwaka 1981 akaukabidhi mtandao ule mkusanyiko wote. Kwa maharage, hesabu ya namna hiyo inawezekana. Mtu mmoja akijaribu kutunza maboga ya aina 1,186 kwa njia ya utepe na asubuhi, atakesha mpaka azeeke.

Sasa karatasi. Kila mwaka mtandao ulichapisha kitabu kimoja cha orodha: jina la aina, maelezo mafupi ya umbo, ladha na muda wa kukomaa, asili yake kama inajulikana, pamoja na kifupisho cha kumtambulisha mwenye nayo. Aliyetaka mbegu alimwandikia mtunzaji moja kwa moja na kulipia gharama ndogo ya kutuma. Mwanzoni hapakuwa na ghala la kati ambalo likiungua kila kitu kinakwisha. Matumaini yalikuwa kwamba aliyepokea naye ataotesha, ataongeza, na jina lake litatokea kwenye orodha ijayo. Wengi hawakufanya hivyo, na hilo halikuua mpango, mradi wachache walifanya.

Mfano unaoeleza vizuri ni ule wa tikitimaji liitwalo Moon and Stars, la kijani iliyokolea lenye madoa ya manjano, moja kubwa kama mwezi na mengine madogo kama nyota. Kampuni ya Peter Henderson ya New York ililitangaza mwaka 1926, kisha likatoweka kwenye biashara. Kent Whealy alilitafuta kwa miaka hadi mwaka 1981, alipompata mkulima karibu na Macon, Missouri, aliyekuwa bado analipanda. Wasimuliaji huishia hapo kwenye bahati. Mchambuzi anapaswa kuyatazama majani yake, kwa maana hayo nayo yana madoa ya manjano. Tikiti huchanganywa na nyuki kama boga, lakini hili limebeba kitambulisho chake tangu likiwa mche. Mche usio na madoa unang'olewa kabla haujatoa ua. Macho hayaoni kila mchanganyiko, lakini humsaidia mkulima bila maabara wala daftari.

Nyanya ya Cherokee Purple haikuwa na alama kama hiyo wala jina. Mwaka 1990 mtunzaji wa mbegu Craig LeHoullier alipokea kutoka Tennessee mbegu za nyanya ya zambarau, pamoja na barua iliyosema kwamba Wacherokee waliigawa kwa majirani zaidi ya miaka 100 kabla. Aliiotesha, akaipa jina, akaitangaza kwa watunzaji wenzake, na leo inauzwa duniani kote. Barua ile ilikuwa na thamani karibu sawa na mbegu zenyewe. Bila maelezo, ingekuwa nyanya nyingine yenye rangi ya kutilia shaka.

Kuhusu maandalizi, kazi ni ndogo ila haina mkato. Mbegu ya nyanya imevikwa utando wa ute unaoizuia kuota ndani ya tunda. Ute huo huachwa uchache na maji kidogo kwa siku mbili hadi nne, hata ukungu ukitanda juu, kisha mbegu husuuzwa. Nzima huzama, zilizo tupu huelea. Hukaushwa kwenye sahani. Kwenye gazeti hunata na kubanduka pamoja na karatasi. Kisha ni suala la unyevu. Kanuni ya makadirio ya mtaalamu James Harrington inasema kila asilimia moja ya unyevu inayopunguzwa karibu inazidisha mara mbili maisha ya mbegu, na kila nyuzi 5 za Selsiasi za ubaridi hufanya vivyo hivyo. Bibi aliyetundika masuke juu ya moshi wa jiko na kuchanganya kunde na majivu hakuwahi kuisikia kanuni hiyo, lakini alifanya kazi ya aina ile ile: kukausha, na kuwanyima fukusi nafasi.

Kilichosumbua zaidi ni sheria. Sheria nyingi za mbegu hutaka aina isajiliwe, na ili isajiliwe iwe ya kipekee, yenye kulingana shina kwa shina, na thabiti mwaka hadi mwaka. Mbegu ya urithi huanguka kwenye sharti la pili, kwa sababu kutofautiana kidogo ndiko kulikoifanya ivuke ukame na magonjwa. Uingereza ilipobanwa na orodha rasmi za aina zinazoruhusiwa kuuzwa, Heritage Seed Library ilipita pembeni: haiuzi mbegu, inawapa wanachama wake vifurushi vichache kwa mwaka. Mwanachama analipia uanachama, si mbegu.

Nchini Kenya njia hiyo ilikuwa nyembamba zaidi. Marekebisho ya mwaka 2012 ya Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea yaliwaweka wanaouza au kubadilishana mbegu zisizosajiliwa kwenye hatari ya faini ya hadi shilingi milioni moja au kifungo cha miaka miwili. Mtandao wa Seed Savers Network wa Gilgil, kaunti ya Nakuru, tangu 2009 ulikuwa ukifundisha wakulima wadogo kutunza na kugawana mbegu za asili. Mwaka 2022 wakulima 15 walikwenda mahakamani, na Novemba 2025 Mahakama Kuu mjini Machakos ikatamka kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba.

Kwa mtumaji wa bahasha, jambo lililobaki ni la mezani. Kwenye bahasha ya mnavu au kunde yatosha jina, mahali na mwaka wa kuvuna. Ya boga inahitaji mstari mmoja wa ziada: lilichavushwa kwa mkono, au liliachiwa nyuki.