Nyumba Tatu kwa Jina Moja: Uhakiki wa Ramani, Picha na Kumbukumbu kama Ushahidi wa Beit al-Sahel, Zanzibar

1.0 Utangulizi

Mgeni anayepita katika barabara ya Mizingani, Mji Mkongwe wa Zanzibar, huoneshwa jengo jeupe linalotazama bahari na kuelezwa kuwa hilo ndilo Beit al-Sahel, kasri la masultani. Maelezo hayo ni sahihi kwa upande wa jina peke yake. Kasri lililojulikana kwa jina hilo tangu zama za Seyyid Said bin Sultan lilibomolewa kwa mizinga ya meli za kivita za Uingereza asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896, pamoja na Beit al-Hukm lililokuwa jirani yake. Jengo linaloonekana leo lilisimamishwa baada ya siku hiyo, juu ya sehemu ya kiwanja cha lile la awali, na tangu 1994 ni makumbusho. Jina limeendelea kuishi, nyumba haikuendelea.

Sehemu hii inahakiki aina tatu za ushahidi zinazotumiwa mara kwa mara kulielezea kasri lililotoweka, yaani ramani za mji, picha za karne ya 19, na kumbukumbu za Sayyida Salme bint Said, aliyejulikana baadaye kama Emily Ruete. Hoja inayojengwa ni kwamba mashahidi hawa watatu hawazungumzii nyumba moja. Kila mmoja aliiona sura moja ya jengo, kwa wakati wake na kwa haja yake. Anayeunganisha maelezo yao bila kutenganisha nyakati hujenga nyumba ya nne, ambayo haikupata kusimama popote.

2.0 Ramani: Alama ya Nyumba Ardhini

Ramani huonesha mahali ambapo kuta ziligusa ardhi. Kwa mji wa Zanzibar, kazi mbili zina uzito wa pekee. Ya kwanza ni ile iliyotokana na safari ya Charles Guillain, nahodha wa jeshi la majini la Ufaransa, aliyefika pwani ya Afrika Mashariki kati ya 1846 na 1848 kwa meli ya Ducouëdic, na ambaye kitabu chake kilichapwa 1856 kikiambatana na albamu ya michoro. Ya pili ni ramani ya mji ya 1892, inayotenganisha nyumba za mawe na vibanda, na iliyochorwa miaka minne tu kabla ya kasri kubomolewa.

Kati ya kazi hizi mbili ipo takribani nusu karne, na katika kipindi hicho walipita watawala watano, kuanzia Seyyid Said hadi Seyyid Ali bin Said. Mwezi Aprili 1872 mji ulipigwa na kimbunga kikali. Mwaka 1883 Seyyid Barghash alisimamisha Beit al-Ajaib, akabadilisha mpangilio mzima wa mtaa wa kasri. Kwa hiyo umbo linaloonekana mwaka 1892 haliwezi kurudishwa nyuma hadi miaka ya 1840 kana kwamba mji ulikuwa umelala. Mstari uliopo katika ramani moja na kukosekana katika nyingine una maana mbili: ama ukuta ulijengwa au kubomolewa katikati, ama mchoraji mmoja hakuona haja ya kuuchora. Nahodha wa meli ya kigeni alihitaji kujua bandari, ngome na mahali pa kuteremkia. Mpima ardhi wa 1892 alikuja wakati Zanzibar ilikuwa tayari chini ya himaya ya Uingereza, iliyotangazwa 1890, na utawala ulihitaji kuujua mji kwa ajili ya kuuendesha.

Upungufu mwingine wa ramani unahusu kimo. Beit al-Ajaib liliunganishwa na makasri ya jirani kwa vipito vilivyoezekwa, vilivyopita juu ya njia, ili wanawake wa ukoo wa kifalme waende huku na huko bila kuonekana na wapita njia. Ramani ya ardhini huonesha majengo yaliyotengana kwa uchochoro. Kwa wanawake walioishi humo, majengo hayo yalikuwa makazi mamoja yaliyoungana ghorofani. Ramani haikusema uongo. Ilisema habari za ardhi, na maisha ya wakazi hao hayakuwa ardhini.

3.0 Picha: Uso Unaotazama Bahari

Picha nyingi za kasri zilipigwa kutoka baharini au kutoka ufukweni. Zinaonesha upande mmoja, ule ambao wenye nyumba walikusudia uonekane na meli zinazoingia. Uani na vyumba vya ndani havimo. Hata hivyo picha hizi, zikisomwa kwa makini, zina alama zinazoziweka katika nyakati zao hata pale ambapo tarehe haikuandikwa.

Picha ya mtaa wa kasri isiyokuwa na Beit al-Ajaib ilitangulia 1883. Picha yenye Beit al-Ajaib pamoja na mnara wa taa uliosimama peke yake mbele yake imo kati ya ujenzi huo na Agosti 1896, kwa kuwa mnara huo uliangushwa siku ya mashambulizi. Picha yenye mnara wa saa uliounganishwa na uso wa Beit al-Ajaib ni ya 1897 au baadaye. Bahari nayo ina kalenda yake: milingoti ya Glasgow, meli ya Sultani iliyozamishwa siku ileile, iliendelea kuchomoza juu ya maji ya bandari kwa miaka kadhaa. Picha yenye milingoti isiyo na meli chini yake haiwezi kuwa picha ya kasri la zamani, hata kama maelezo yaliyoandikwa chini yake yanadai hivyo.

Mwelekeo nao unahitaji kuthibitishwa. Baadhi ya michoro ya albamu ya Guillain ilitokana na daguerotipu, aina ya awali ya picha ambayo kwa asili hugeuza kulia kuwa kushoto. Mchoro uliohamishwa kutoka humo kwenda kwenye jiwe la kuchapia ungeweza kurekebishwa au kugeuzwa tena. Kipimo kilicho salama ni Ngome Kongwe. Kwa anayetazama kutoka baharini, Ngome huwa mkono wa kulia na Beit al-Sahel mkono wa kushoto. Mchoro unaokwenda kinyume na mpangilio huo umegeuzwa, na haufai kuhesabiwa madirisha wala milango kabla ya kurudishwa sawa.

Jambo zito zaidi ni maelezo yaliyoambatanishwa na picha. Miongoni mwa picha za mtaa huo zinazosambazwa sana ni zile zilizopigwa baada ya mashambulizi, zikionesha kuta zilizotobolewa, sakafu zilizoning'inia na vifusi. Moja kati ya hizo imezoeleka kwa maelezo ya Kiingereza yanayoliita jengo lililobomoka haremu ya Sultani. Neno hilo limefanya kazi ya kisiasa. Limegeuza makazi yenye jina, ghala, ngazi na wakazi kuwa kioja cha Mashariki, na limeelekeza macho ya msomaji kwenye siri za nyumba badala ya mizinga iliyoifunua. Mashambulizi yalidumu chini ya saa moja. Watu wapatao 500 wa upande wa Khalid bin Barghash waliuawa au kujeruhiwa. Picha ya magofu haioneshi hata mmoja wao. Ndani ya nyumba, palipokuwa pamezuiliwa kwa macho ya wageni, palipata kupigwa picha pale tu palipokuwa pamepasuliwa. Mhakiki anayetumia picha hiyo kupima unene wa kuta au kimo cha ghorofa hana budi kutambua kwamba kipimo chake kimewezeshwa na maangamizi yenyewe.

4.0 Kumbukumbu: Uani na Waliokuwamo

Shahidi pekee kati ya hawa watatu aliyeuona uani ni Salme. Alizaliwa Beit al-Mtoni 1844, akaondoka Zanzibar 1866, na kitabu chake cha kumbukumbu kikachapwa kwa Kijerumani 1886. Beit al-Sahel analolieleza ni la utoto na ujana wake: uani mpana uliojaa watu tangu asubuhi, nguzo ndefu, roshani zinazozunguka, ngazi zenye msongamano, ng'ombe na mbuzi wanaochinjwa, wachukuzi wa maji, wapishi na yaya. Hakuna ramani wala picha inayotoa habari hizi.

Hata hivyo masimulizi hayo yana mipaka mitatu. Kwanza, yalichapwa miaka 20 baada ya mwandishi kuondoka, na baada ya safari yake ya 1885 ambapo aliuona tena mji lakini hakupokewa na kaka yake, Seyyid Barghash. Nyumba anayoikumbuka ni nyumba aliyofungiwa mlango. Ukubwa na furaha yake vimepimwa kwa mizani ya upweke wa Ujerumani. Pili, aliwaandikia wasomaji wa Ulaya waliokuwa na dhana zao kuhusu maisha ya wanawake wa Kiarabu, naye alikusudia kuzirekebisha. Kwa sababu hiyo anaeleza zaidi yale yanayobishaniwa, na kuyapita yale ambayo kwake yalikuwa ya kawaida.

Mpaka wa tatu ndio unaogusa haki ya wengine. Pilikapilika za uani anazozieleza kwa mapenzi zilikuwa, kwa sehemu kubwa, kazi ya watumwa. Katika kitabu hichohicho Salme anautetea utumwa wa nchi yake dhidi ya lawama za Wazungu. Watumwa wanaonekana katika masimulizi yake kama mwendo na sauti. Mahali walipolala, walipougulia na walipojificha hapaelezwi kwa ukamilifu anaoutoa kwa vyumba vya mabibi. Ramani inatoa kuta za nje tu, na picha inaonesha madirisha ya upande wa bahari. Kwa namna hiyo mashahidi wote watatu, kila mmoja kwa sababu yake, wanakutana katika ukimya mmoja. Ukimya unaoungwa mkono na mashahidi watatu huelekea kusomwa kama ushahidi kwamba hapakuwa na kitu.

5.0 Vifaa vya Ujenzi kama Shahidi wa Nne

Ukimya huo hauwezi kujazwa kwa kubuni, lakini unaweza kupunguzwa kwa kuuliza ufundi. Nyumba za mawe za Zanzibar zilijengwa kwa matumbawe na chokaa, na dari zake zilibebwa na boriti za mikoko. Boriti haivuki nafasi kubwa. Kwa kawaida upana wa chumba huishia karibu na mita tatu. Kutokana na hilo, vyumba vya majengo hayo vilikuwa virefu na vyembamba, na kuta za ndani zililazimika kujirudia kila baada ya nafasi hiyo. Pale ambapo ramani ya 1892 inatoa upana wa jengo, idadi ya safu za vyumba inaweza kukadiriwa bila kutegemea kumbukumbu ya mtu yeyote. Makadirio hayo hayamtaji mkazi wa chumba, lakini yanathibitisha kwamba chini ya roshani alizozieleza Salme kulikuwa na vyumba vingi asivyovitaja. Hivyo vina haki ya kuwekwa katika mchoro wa mtafiti kama vyumba visivyo na jina.

Kanuni hii nayo ina mahali pake. Beit al-Ajaib lilitumia nguzo za chuma, hivyo kumbi zake zilizidi kipimo cha boriti. Kuhamishia Beit al-Sahel la miaka ya 1850 mpangilio wa kumbi pana za Beit al-Ajaib, kwa sababu tu majengo hayo yalikuwa jirani na ya ukoo mmoja, ni kosa la nyakati na la ufundi kwa pamoja.

6.0 Umuhimu wa Uhakiki Huu kwa Sasa

Suala hili limetoka katika maktaba na kuingia mtaani. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib, pamoja na mnara wake wa saa, iliporomoka. Mji Mkongwe umo katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2000, na kurejeshwa kwa jengo hilo kunadai ushahidi wa umbo lake. Lakini umbo lipi? Uso wenye mnara, uliozoeleka katika picha za posta na fedha za kumbukumbu za watalii, ni wa 1897. Ni matokeo ya mashambulizi yaleyale yaliyoiondoa Beit al-Sahel. Uso wa 1883 haukuwa na mnara huo. Kuchagua mmoja ni kuchagua kipande cha historia kitakachoonekana na kile kitakachobaki katika nyaraka. Uchaguzi huo unaweza kutetewa kwa upande wowote, mradi ufanywe kwa kujua kwamba ni uchaguzi. Beit al-Sahel linaonesha kinachotokea usipofanywa hivyo: jengo jipya hurithi jina, na baada ya vizazi vichache msiba wenyewe hukosa kaburi.

7.0 Hitimisho

Uhakiki umeonesha kwamba ramani hutoa alama ya ardhini, picha hutoa uso wa baharini, na kumbukumbu hutoa uani, na kwamba kila kimojawapo kina tarehe na mmiliki wake. Inapendekezwa kuwa mchoro wowote wa kurejesha umbo la kasri hilo utenganishe angalau nyumba tatu: ile ya Salme kabla ya 1866, ile ya ramani na picha kati ya 1883 na 1896, na hii iliyopo. Aidha, mahali ambapo hakuna shahidi paachwe wazi na paoneshwe kuwa pako wazi. Nafasi hizo ndizo zilizokuwa na watu wengi zaidi, na kuziziba kwa makisio yenye kupendeza kungekuwa kuwatoa ndani ya nyumba kwa mara ya pili.