Vazi Lisilositiri

Vazi, kwa sisi watu wa pwani, ni sitara. Dave Eggers, mwandishi wa Marekani, anatuonesha vazi la namna nyingine katika riwaya yake The Circle, iliyotoka mwaka 2013: kamera ndogo inayoning'inia kifuani na kumvua mvaaji mbele ya mamilioni ya watazamaji.

Mhusika mkuu, Mae Holland, anaajiriwa na kampuni kubwa ya intaneti huko California. Mambo yanaanza kidogo kidogo. Mkononi anavishwa kifaa cha kupimia mapigo ya moyo. Sikioni anawekewa sauti inayomwuliza maswali kutwa. Mezani skrini zinaongezeka moja baada ya nyingine. Hakuna anayemshurutisha. Analaumiwa tu, tena kwa upole, kwamba hakuhudhuria karamu au hakuwajibu wenzake. Hapa mwandishi amefaulu khasa, kwani shinikizo hili halina bwana anayefoka, bali lina marafiki wanaonuna. Nani kati yetu hajaulizwa kwa nini ameusoma ujumbe asiujibu?

Kasoro ya riwaya imo katika fani. Wakuu wa kampuni wanahutubia mno, na papa anayemeza kila kiumbe ndani ya tangi ni ishara isiyohitaji kufumbuliwa. Kitabu kinachotetea siri hakimwachii msomaji siri hata moja. Aliyelelewa na mafumbo ya ushairi wetu ataona amelishwa chakula kilichokwisha kutafunwa.

Hata hivyo, kuna usiku mmoja unaokiokoa kitabu. Mae anachukua kayaki bila ya ruhusa, anapiga kasia peke yake katika ghuba ya San Francisco hadi kisiwani. Hapo hakuna hotuba. Kuna maji, giza, na mtu asiyedaiwa jibu na yeyote. Kumbe kamera za ufukweni zimemwona. Na ni baada ya usiku huo ndipo anapokubali kuivaa yake.

Kwa maoni yetu, hasara kubwa anayoipata Mae si kufichuliwa kwa siri zake. Ni kupotea kwa ule muda ambao neno hukaa moyoni likapevuka kabla ya kutamkwa. Anayeulizwa kila dakika anafikiri nini, hafikiri tena, anajibu tu. Ushairi hauwezi kutoka kwa mtu wa namna hiyo, wala ushauri.