"Ni Utamaduni" Si Jibu: Kipigo cha Ndoa katika Utengano na Funzo la Pwani ya Kilifi

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, swali la nafasi ya mwanamke limezoeleka hata majibu yake yamekuwa ya kukariri: amedhulumiwa, amedunishwa, ni chombo cha starehe. Mume anapompiga mkewe, wengi huongeza kauli moja na kuweka kalamu chini: "ni utamaduni." Makala haya yanashikilia kwamba kauli hiyo si uhakiki. Tutaipima kwa riwaya ya Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980), iliyowahi kutahiniwa katika KCSE, kisha kwa maisha ya wenyeji wa Kilifi na Malindi.

Tuanze na kitabu. Maksuudi anawatawisha mkewe, Bi Tamima, na binti yao Maimuna. Mkunga anapoingia kumsaidia Bi Tamima kujifungua bila idhini yake, mume huyu anampiga mkewe na kumtaliki. Kuandika kwamba Maksuudi ni katili ni kweli, ila haitoshi. Mtazame akiwa nje: ni mtu wa hadhi mbele ya umma, lakini kwa siri anamwandama Kazija. Maadili anayoyalinda kwa ngumi nyumbani hayafuati yeye mwenyewe. Basi desturi hapa ni pazia la kumkinga asiulizwe. Maimuna naye, aliyenyimwa kuijua dunia, anaishia katika danguro la Mama Jeni. Kutawishwa hakukumlinda, kulimwacha bila silaha.

Sasa tutoke kitabuni. Katika utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu nchini Kenya wa mwaka 2014, asilimia 42 ya wanawake walikubali kwamba mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa angalau sababu moja. Wanaume waliokubali walikuwa asilimia 36. Msomaji, usikimbilie kusema kwamba adui wa mwanamke ni mwanamke. Uliza: asiye na pa kurudi atasema nini?

Miongoni mwa Wagiriama, kama kwa jamii nyingi za Kiafrika, mahari hufunga koo mbili. Kwa desturi, mke akiivunja ndoa, mahari hudaiwa. Baba aliyekwisha kuitumia, pengine kumwolea mwanawe wa kiume, atamwambia binti avumilie. "Vumilia" hiyo ina hesabu ya mali ndani yake. Mhakiki anayeona mila pekee asione mali ameona nusu ya jambo.

Tena, mila ipi? Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama, aliwahamasisha watu kwa ngoma ya kifudu na viapo wapinge utawala wa Waingereza. Akakamatwa, akapelekwa Kisii, akatoroka na kurudi kwao. Utamaduni huo huo tunaousingizia kipigo ulimpa mwanamke jukwaa na wasikilizaji, wazee wakiwemo. Jadi ina sauti nyingi; anayechagua ile ya fimbo amechagua mwenyewe, na atawajibika. Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu dhidi ya ukatili wa kinyumbani inamwajibisha pia.

Kwa hiyo, unapojibu swali la taasubi ya kiume, pitia hatua tatu: taja tendo, onyesha imani inayolihalalisha, kisha ufichue anayenufaika na imani hiyo. Mwalimu, kumbuka kwamba darasani mwako huenda yupo anayeyaona haya nyumbani kila wiki. Jibu la "ni utamaduni," likipewa alama, litamfundisha kwamba hata shule imekubali.

Maswali ya marudio
1. "Maksuudi ni mtumwa wa mila." Pinga kauli hii kwa hoja nne kutoka Utengano.
2. Eleza jinsi mali inavyochangia ukimya wa wanawake katika riwaya yoyote uliyoisoma.