Kufunga na Kurudisha: Tafsiri ya Mwongozo wa Mashine ya Barafu

Tumeletewa tafsiri ya Kiswahili ya mwongozo wa mashine ya kutengenezea barafu, ya aina itumikayo mahotelini, tuitolee maoni. Tutaizungumzia sura moja tu, ile ya kuondoa vali mbovu ya kutolea maji na kuweka mpya. Mtafsiri hatumtaji. Kiswahili chake ni fasaha, na huenda ufasaha huo ndio uliomponza.

Kwanza kazi ya vali yenyewe. Maji yanapoganda, sehemu kubwa ya madini hubaki katika maji ambayo hayajaganda. Baadaye koili hupata umeme, vali hufunguka, na maji hayo yenye chumvi nyingi humwagwa. Vali ikikwama wazi, beseni halishiki maji na barafu haifanyiki ipasavyo. Ikikwama ikiwa imeziba, barafu hutoka na ukungu, na ukoko wa chokaa hujijenga ndani ya mashine.

Mtafsiri ameiita “vali iliyofungwa kwa kawaida.” Msomaji ataelewa kwamba aghalabu hufungwa, na pengine haifungwi. Kumbe matini ya asili inaeleza hali ya vali isipopata umeme. Tungeandika “vali ijifungayo umeme ukikatika.” Ni ndefu, lakini haimpotezi mtu.

Lililo zito zaidi ni kitenzi kufunga. Fundi hufunga mashine, yaani huisimika; hufunga skrubu, yaani huikaza; hufunga maji, yaani huyazuia. Mwongozo unasema: “Zima umeme katika swichi kuu, funga vali, kisha legeza mipira.” Vali ipi? Kinachotakiwa ni kufunga koki ya maji yaingiayo kabla ya kugusa chochote. Hatua chache baadaye “funga vali” yarudi tena, safari hii kwa maana ya kuisimika ile mpya. Na “fungua vali,” je, ni kuachia maji au kuing’oa? Mtu aliyepiga magoti penye maji na nyaya asiachiwe fumbo hilo.

Tunapendekeza funga ibaki kwa maji tu, vali ing’olewe na ipachikwe, skrubu zikazwe. Tutalaumiwa kwamba tunawanyang’anya mafundi neno lao. La hasha. Katika maongezi fundi huonyesha kwa kidole. Karatasi haina kidole.

Kosa la mwisho ni “rudisha vali.” Kitenzi cha Kiingereza kilichotafsiriwa hapo kina maana mbili: kurejesha kitu mahali pake, na kuweka kingine badala yake. Mtafsiri kachukua ya kwanza. Fundi mtiifu ataing’oa vali mbovu, ataifuta, ataipachika iyo hiyo. Ni kweli kwamba pengine kuisafisha kwatosha, ikiwa ni uchafu tu ulionasa kwenye kiwambo; lakini koili iliyoungua haisafishiki. Iandikwe: “Ondoa vali mbovu, pachika mpya.”

Nakala imepelekwa kwa mtafsiri pamoja na maoni haya. Sura ya mfumo wa umeme bado tunaipitia.