Debe Ngapi Hadi Handeni? Namna ya Kusoma Albamu za Marubani wa Ndege Kongwe

Weka rula kwenye ramani kati ya Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro na ule wa Zanzibar. Mstari unateremka kusini-mashariki, unaacha Upare na Usambara mkono wa kushoto, unafuata bonde la Pangani, unapita jirani na Mombo na Korogwe, kisha unashuka hadi pwani kati ya Pangani na Saadani. Kwedizinga na Handeni, nchi ya Wazigua, zinabaki mkono wa kulia. Mwishoni mwa mwaka 2016 kundi la wapenzi wa ndege kongwe lilisafiri kutoka kisiwa cha Crete hadi Cape Town kwa ndege za mabawa mawili yaliyopandana, na Kilimanjaro na Zanzibar zilikuwa miongoni mwa vituo vyao. Baadhi ya ndege hizo, kama Tiger Moth ya Waingereza na Stearman ya Wamarekani, ziliundwa kufundishia marubani wa kijeshi. Watu wa namna hii hupiga picha nyingi, nao husimulia walichokiona: mlima, mto, mashamba ya mkonge, vivuli vya mawingu. Msomaji hupendezwa, akafunua ukurasa. Ninavyoona mimi, anapitwa na jambo kubwa. Albamu za marubani hawa ni ushahidi wa kiufundi, na kinachothibitishwa nazo kwa nguvu zaidi ni kwamba urukaji wa ndege hizi uliamuliwa chini, ardhini, kabla pangaboi halijazungushwa. Wala si kwa safari ya 2016 tu. Karne moja kabla yake, mwaka 1916, wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, ndege za kivita zilipita njia hiyohiyo kuelekea Handeni, na hesabu za wapenzi wa leo zinatusaidia kuelewa zilivyoweza, na zilivyoshindwa.

Tuanze na mafuta. Kutoka Kilimanjaro hadi Zanzibar kwa mstari ulionyooka ni takriban kilomita 390. Tangi la kawaida la Tiger Moth lina lita 86 hivi, na injini yake ya nguvu farasi 130 inakula kati ya lita 25 na 30 kwa saa. Mwendo wa safari, ukiacha ule wa kwenye vitabu, ni kama kilomita 130 kwa saa. Piga hesabu: safari ni saa tatu, na tangi linatosha saa tatu au zaidi kidogo. Upepo wa mbele wa wastani tu unatosha kuimaliza akiba yote. Kwa hiyo Tiger Moth inayopita juu ya Korogwe ama imefungwa tangi la ziada, ama rubani wake ameshapanga kutua mahali njiani, ama amechelewa kuamua na sasa anatazama chini kutafuta uwanja. Tena petroli ya ndege za pistoni si kitu unachokikuta kila kiwanja. Ndege ndogo za abiria zinazotawala anga letu siku hizi, kama Cessna Caravan, zina injini za tabaini zinazotumia mafuta jamii ya mafuta ya taa. Haya ndiyo yanayopatikana kwa wingi, na ukiyatia kwenye tangi la Tiger Moth umeiua injini. Anayerusha ndege kongwe hapa lazima awe amepeleka mapipa mbele, au amejua nani anayo na kwa kiasi gani. Hakuna picha ya jua likichomoza juu ya Usambara inayoonyesha mapipa hayo. Ila pasipo mapipa, picha yenyewe isingepigwa.

Sasa turudi 1916. Kikosi cha 26 cha Royal Flying Corps ya Uingereza, kilichoundwa kwa kiasi kikubwa na marubani wa Afrika Kusini waliotoka kupigana Afrika ya Kusini-Magharibi ya Kijerumani, kiliingia Mombasa mwanzoni mwa mwaka huo. Ndege zao zilikuwa B.E.2c, na baadaye Henri Farman. Jenerali Jan Smuts, kamanda wa upande wa Waingereza, aliposhuka na majeshi yake kando ya Pangani, ramani za nchi zilikuwa haba na zenye makosa, kwa hiyo ndege zikatarajiwa kuwa macho yake. Mwezi Juni, Mombo, Korogwe na Handeni zilianguka moja baada ya nyingine, na tarehe 24 Juni ikapiganwa vita ya mto Lukigura, kusini mwa Handeni. Rubani aliyetoka Kilimanjaro hadi Korogwe alikuwa na reli ya Wajerumani ya kumwongoza, na mto, na ukuta wa milima kushoto. Lakini kutoka bondeni kwenda Handeni reli ilibaki nyuma. Kilichokuwapo ni njia nyembamba ya vigari vya kusukumwa kwa mikono, ambayo Wajerumani waliijenga kutoka Mombo hadi Handeni ili kupeleka mahitaji ya vita kusini. Jeshi la Smuts liliifuata njia hiyo kwa miguu. Kutoka juu, kwenye pori la miti iliyoshonana, uzi wa namna ile huonekana hapa ukapotea pale.

Na ndege yenyewe? B.E.2c ikiwa imejaa ilikuwa na uzito wa karibu kilo 970, ikivutwa na injini ya nguvu farasi 90. Tiger Moth iliyojaa haizidi kilo 830 hivi, nayo ina nguvu farasi 130. Kwa maneno mengine, kila farasi mmoja wa mwaka 1916 alibebeshwa karibu kilo 11, na yule wa Tiger Moth anabeba sita na ushee. Ni kweli mabawa ya B.E.2c yalikuwa mapana zaidi, na hilo lilisaidia, lakini hata katika ubaridi wa Uingereza ilihitaji robo tatu ya saa kufika mita 3,000. Hapo ongeza joto letu. Chukua kiwanja kilicho mita 600 juu ya usawa wa bahari, mwinuko wa kawaida kabisa upande wa Handeni, mchana wa nyuzijoto 30. Hewa huwa nyepesi kana kwamba ndege iko mita 1,300, na injini isiyo na kifaa cha kusukumia hewa inapoteza zaidi ya asilimia kumi ya nguvu yake. Zile 90 zinabaki kama 78. Mtu anaweza kusema Juni ni kipupwe, Handeni haifiki nyuzi 30. Sawa, weka 25: mwinuko wa kuhesabu unashuka hadi mita 1,100, nafuu isiyotosha kumwondolea rubani wasiwasi wa miti iliyo mwisho wa kiwanja. Ndiyo maana marubani wa leo wa ndege hizi hupenda kuruka alfajiri. Wakiandika kwenye kumbukumbu zao kwamba waliondoka kabla ya jua kupanda na kwamba ndege ilikataa kupaa saa sita, msomaji wa haraka huona mapenzi ya asubuhi. Mimi naona kipimo, tena kipimo kinachoweza kuhamishiwa 1916 moja kwa moja, kwa sababu hewa ya Handeni haijabadili tabia.

Leo Walmsley, mwangalizi katika Kikosi cha 26 aliyenusurika ajali kadhaa za ndege na baadaye akawa mwandishi wa riwaya kwao Yorkshire, alichapisha mwaka 1920 kitabu cha kumbukumbu zake, Flying and Sport in East Africa. Jina lenyewe linaiweka vita na mawindo kwenye kapu moja, nalo linatuonya tunasoma maandishi ya nani. Hata hivyo, kumbukumbu za mtu wa kiti cha mwangalizi zina thamani ya pekee, kwa sababu ya mahali kiti kilipo. Katika B.E.2c mwangalizi alikaa mbele, rubani nyuma. Kiti cha mbele kilikuwa katikati ya mabawa: bawa la juu kichwani, la chini chini ya makalio, na waya za kukazia pande zote. Mtu aliyepelekwa kutazama ndiye aliyezibwa macho zaidi. Alichokiona ni kipande cha nchi kati ya ukingo wa bawa na ukingo wa ndege, na chini ya kipande hicho, upande wa Handeni, kulikuwa na majani ya miti. Askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, na wapagazi wake walikuwa humohumo. Basi tunaposoma katika taarifa za vita kwamba ndege hazikuona adui, tusikimbilie kusema hakuwapo, wala tusimlaumu mwangalizi kwa uzembe. Kifaa chake kilikuwa kimejengwa hivyo, na pori lilikuwa limeota hivyo.

Picha za wapenzi wa leo zina faida ambayo maandishi ya Walmsley hayana: zinaweza kuhojiwa. Tazama Tiger Moth. Tangi lake limo ndani ya kipande cha kati cha bawa la juu, na petroli hushuka kwenye injini kwa uzito wake yenyewe. Kipimo cha mafuta ni boya dogo ndani ya mrija wa kioo uliosimama juu ya tangi, mbele ya macho ya rubani. Kwenye Stearman kioo kinaning'inia chini ya bawa badala ya kusimama juu yake. Picha iliyopigwa kutoka kiti cha nyuma kuelekea mbele, ile ambayo karibu kila rubani huipiga, mara nyingi hunasa kioo hicho. Ikikuzwa vizuri, unasoma mafuta yaliyobaki. Ukijua tangi lilijazwa wapi, unajua ndege imekuwa angani muda gani, na kwa hiyo mlima ule nyuma ni upi. Vivuli navyo vinasema. Handeni iko digrii tano na nusu kusini mwa ikweta, hivyo Juni saa sita mchana kivuli cha mti huanguka kusini, na Desemba huanguka kaskazini. Mtu akikuletea picha ya angani akasema ni Juni, nawe ukaona reli ya Korogwe na vivuli vya adhuhuri vikielekea kaskazini, hiyo si Juni.

Pingamizi la kwanza dhidi ya usomaji huu ni la mafundi. Watasema ndege ya leo si ile ya zamani hata ikiwa na mbao zilezile: rubani ana simu yenye ramani, ana utabiri wa hali ya hewa, injini imefunguliwa na kufungwa upya na mafundi wenye vipuri bora, na nyuma yake kuna watu wanaofuatilia alipo. Kumlinganisha na rubani wa 1916 ni kuonea. Nakubali kila kipengele, kisha nasema kwamba pingamizi hili linaipa hoja nguvu. Kama mtu mwenye misaada yote hiyo na nguvu farasi 40 za ziada bado anabanwa na lita 86 na joto la mchana, basi aliyekuwa na 90 na ramani tupu alibanwa zaidi. Ushahidi wa leo unatupa sakafu, kiwango ambacho hali ya 1916 haikuweza kuwa nafuu kuliko hicho. Na ramani ya simu haikuwasaidia wasafiri wa 2016 walipozuiliwa siku kadhaa Gambela, Ethiopia, kwa mzozo wa vibali vya kuingia.  Kilichokwama ni karatasi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo husikika kwa wasomi wetu: haya ni mapenzi ya watu wenye fedha kutoka nje, wanaopamba zana za vita ya wakoloni, Mzigua wa Kwedizinga anahusika nini na kumbukumbu zao? Jibu langu limo kwenye debe. Petroli ya zama zile ilisafirishwa kwa madebe ya galoni nne, lita 18, mawili katika sanduku moja la mbao. Sanduku hilo lilikaribia kilo 30, kwa hiyo ni mzigo wa mtu mmoja, tena umezidi kidogo. Mbung'o waliua farasi na ng'ombe, malori yalikwama, na mzigo ukaishia kichwani mwa mpagazi. Injini ya nguvu farasi 90 haiwezi kula chini sana ya ile ya Tiger Moth, kwa hiyo kila saa moja angani ilikuwa takriban sanduku moja, mtu mmoja, akitembea siku nyingi kutoka reli ilipoishia, naye akihitaji chakula ambacho pia kilibebwa na mwingine. Viwanja vilifyekwa kwa mikono na panga. Kwa hesabu hii mtu wa chini ni sehemu ya mtambo, sawa na pangaboi, hata kama hakupigwa picha wala kuandikwa jina. Kuzitupa albamu kwa sababu zinamsahau ni kuutupa ushahidi unaotuwezesha kumhesabu.

Isitoshe, si kumbukumbu zote za ndege kongwe za kijeshi ni za wageni. Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilianzishwa Septemba 1964, na tawi lake la anga likaja kujengwa kwa msaada wa Kanada, kwa ndege za Otter na Caribou zinazoweza kutua kwenye viwanja vifupi vya vumbi. Vijana wa Kitanzania waliozirusha na kuzitengeneza miaka ile ya 1960 ni wazee sasa, na picha zao, pale zilipo, zimo kwenye masanduku ya nyumbani. Mjukuu atakayezichambua asiishie kuuliza babu ni yupi kati ya waliosimama mbele ya ndege. Aulize kiwanja ni kipi, ilikuwa saa ngapi, mafuta yalitoka wapi na yalifikaje, nani alishika ngazi, na yule aliyekatwa nusu pembeni mwa picha, mwenye spana mkononi, aliitwa nani. Kisha ayaandike majibu nyuma ya picha kwa penseli, maana wino wa kalamu hupenya upande wa pili.