Koti la Viraka

Nikiri mapema: kwa miaka mingi nilimdharau Dolly Parton. Nywele za bandia, mavazi ya kumetameta, mizaha isiyokwisha. Nilidhani mtu wa namna hiyo hana la kumwambia mwalimu. Nilikuwa nahukumu ganda, tunda sijalionja.

Kilichonigeuza ni wimbo mmoja, Coat of Many Colors, uliotoka mwaka 1971. Dolly alizaliwa mwaka 1946 katika milima ya Tennessee, Marekani, akiwa wa nne kati ya watoto kumi na wawili. Walikaa kibanda cha chumba kimoja, na daktari aliyemzalisha mama yake alilipwa gunia la unga wa mahindi. Wimbo unasimulia jinsi mama huyo alivyounga vipande vya vitambaa akamshonea binti yake koti, huku akimhadithia habari za Yusufu wa kwenye Biblia. Mtoto analivaa kwa fahari hadi shuleni. Huko anachekwa.

Hapo ndipo ulipo ufundi wake. Maneno ni ya kawaida kabisa, sauti haipandi kutafuta machozi. Mtoto haombi huruma. Anajaribu tu kuwaeleza wenzake thamani ya vazi lake, nao hawaelewi. Niliposikia hayo nilimkumbuka kijana mmoja kwenye mstari wa asubuhi, aliyekuwa akikunja mkono ili kuficha kiraka cha kiwiko. Siku hiyo nilikuwa nakagua sare. Nilimwambia kesho aje na shati jingine. Sikumuuliza lile limeshonwa na nani.

Ndiyo maana ubeti wa mwisho unanikera. Mwimbaji anatoka katika kinywa cha mtoto na kuingia katika cha mhubiri, anatuambia kwamba maskini ni yule tu anayekubali kuwa maskini. Si kweli. Maskini niliowafundisha hawakuulizwa kama wanakubali. Hata baba yake Dolly, mkulima mchapakazi, hakujua kusoma wala kuandika, na sidhani kama alichagua.

Wala mwenyewe hakuishi kama anayeamini ubeti ule. Mwaka 1974 alitoa I Will Always Love You, wimbo wa kumuaga Porter Wagoner, aliyekuwa amemchukua katika kipindi chake cha televisheni tangu 1967. Elvis Presley alitaka kuuimba, lakini meneja wake akadai nusu ya haki za wimbo. Dolly alikataa, japo kwa uchungu. Whitney Houston alipouimba mwaka 1992, fungu la mtunzi lilikuwa lake. Anayedhani umaskini ni fikra tu asingeilinda mali yake namna ile. Ni aliyeujua umaskini wenyewe ndiye anayefanya hivyo.

Kwangu mimi, ubeti uliostahili kufunga wimbo ule aliuandika baadaye, bila gitaa. Mwaka 1995, katika wilaya alikozaliwa ya Sevier, alianza kuwatumia watoto vitabu bure majumbani kwa posta, tangu kuzaliwa hadi miaka mitano, kwa ajili ya baba yule asiyejua kusoma. Kufikia mwaka 2023 vitabu hivyo vilikuwa vimepita milioni 200. Mzee aliishi hadi mwaka 2000, akawahi kuwasikia watoto wakimwita binti yake mama wa vitabu.