Fundi Asiyekimbilia Diski

Mtu akipeleka laptopu inayojikokota kwa fundi pale Mwanjelwa, Mbeya, jibu la kwanza mara nyingi ni moja: "Tupige Windows upya." Fundi wa Linux huanzia mbali zaidi. Ufundi wake umo katika maswali anayouliza kabla flashi haijachomekwa.

La kwanza linamhusu mwenye mashine. Mwalimu wa sekondari anayetunga mitihani na kujaza alama atatosheka na LibreOffice. Mhasibu ambaye kazi yake yote imo ndani ya programu ya uhasibu ya Tally hatatosheka, na fundi mkweli humwambia abaki na Windows. Anayemsukumia Linux mteja wa namna hiyo amegeuka mhubiri.

Ndipo mashine yenyewe inapogeuzwa chini juu. Nyingi ni za mtumba: Dell Latitude, HP EliteBook, ThinkPad zilizostaafu maofisini ughaibuni. ThinkPad T440 ya mwaka 2013 haimo kabisa katika orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa Linux mashine hiyo bado ni nzima. Lakini kama RAM ni GB 4, Ubuntu ya kawaida itawaka vizuri, kisha ianze kuhema mara kivinjari kinapofunguliwa kurasa kadhaa. Hapo huchaguliwa Lubuntu au Linux Mint ya Xfce, sura zisizo na mapambo mengi.

Bando nalo lina kura yake. Faili la Ubuntu 24.04 linakaribia GB 6. Debian ina kisakinishi kisichofika GB 1, ila udogo huo una mtego, maana sehemu kubwa ya kazi hushushwa mtandaoni wakati wa kusakinisha. Ndiyo maana faili moja huzunguka mabwenini kwa flashi, na ndiyo maana fundi makini haliamini mpaka alipime. Anaandika amri ya sha256sum, anasubiri, kisha anailinganisha ile mistari miwili ya herufi na tarakimu 64, wa faili lake na ule uliotangazwa na watengenezaji. Moja ikipishana, faili linatupwa.

Iringa imewahi kulitazama kwa upana jambo hili la kuchagua kinachofaa mazingira. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Tumaini mjini humo, leo Chuo Kikuu cha Iringa, kilianza shahada ya TEHAMA kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Joensuu cha Finland, nchi ambako Linus Torvalds alianza kuandika kiini cha Linux mwaka 1991. Matti Tedre na wenzake katika programu hiyo walishikilia kwamba mtaala utungwe kwa mazingira ya Tanzania, usiazimwe mzima mzima. Anayechagua distro, yaani toleo la Linux, kwa kufuata mkumbo angefaidika na hoja hiyo.

Flashi ikishachomekwa, hubonyezwa F9 kwa HP au F12 kwa Dell, na mfumo huwashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Hiyo ndiyo hatua tamu kuliko zote, na wengi huiruka. Wi-Fi inashika? Chipu za Broadcom ni korofi, za Intel kwa kawaida hazina neno. Sauti inatoka? Mfuniko ukifungwa na kufunguliwa, mashine inaamka? Baada ya hapo ndipo nyaraka zinapohamishwa kwenye diski ya nje, na kitufe cha kufuta kila kitu kinapostahili kubonyezwa.

Kwenye ramani ya saa huchaguliwa Dar es Salaam, ambayo katika hifadhidata ya saa za dunia ni jina jingine tu la Nairobi. Kiswahili cha Tanzania kimo katika orodha ya lugha, ila menyu nyingi hubaki Kiingereza. Inasikitisha, kwa kuwa Jambo OpenOffice ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilikwishatoka kwa Kiswahili mwaka 2004.

Kazi haijaisha. Fundi anaongeza fonti ya Carlito, yenye vipimo sawa na Calibri, anafungua mtihani wa mwalimu ulioandikwa kwa Word na kuuchapa, ahakikishe ule wa kurasa mbili haujamwagikia ya tatu.